Kutoka cheni na futi hadi mita: mwongozo kamili wa vipimo vya zamani vya ardhi na ziwa nchini Uganda

Fungua hati ya zamani ya ardhi, ile ambayo karatasi yake imeanza kukatika kwenye mikunjo. Kwenye mchoro utakuta 347 upande mmoja, 285 upande wa pili, na pembeni "ekari 0.99". Hakuna alama ya futi wala herufi ya mita. Mwenye hati anachukua simu, anaandika 347 kwenye programu ya kubadilisha vipimo, anachagua futi kwa sababu ndiyo aliyoizoea, na upande wa shamba la marehemu baba yake unarefuka kwa nusu nzima ndani ya sekunde moja. Anatoka hapo akiamini jirani amemla mita 36.

Kuzidisha ni kazi ya mashine. Kazi ya mtu ni kujua namba iliyo mbele yake ni ya kipimo gani na ilipimwa juu ya nini, na hapo ndipo kesi nyingi za mipaka huharibikia. Kwa hiyo tutaanza na kutambua, tubadilishe, kisha tukague. Nimewalenga zaidi watu wawili: mwenye hati ya mailo (umiliki wa ardhi wa Buganda uliotokana na mkataba wa 1900) aliyoirithi, na mtu wa chombo ziwani aliyeangukiwa na ramani ya enzi za Waingereza.

Tambua kipimo kabla ya kugusa kikokotoo

Upimaji wa ardhi wa Uganda ulirithiwa kutoka Uingereza, na huko kipimo cha shambani kilikuwa cheni. Edmund Gunter, mwanahisabati wa Kiingereza, aliitoa mwaka 1620: mnyororo wa chuma wenye urefu wa futi 66, uliogawanywa viungo 100. Futi 66 inaonekana namba ya kubahatisha mpaka uone alichokuwa anakitafuta. Cheni 80 zinatoa maili moja kamili. Cheni 10 za mraba zinatoa ekari moja kamili. Kwa hiyo mpima ardhi aliweza kufanya hesabu za kumi na mia shambani, wakati kila kitu kingine cha Mwingereza, kuanzia pesa hadi uzito, kilihesabiwa kwa kumi na mbili, kumi na nne na ishirini. Mimi naiona kuwa miongoni mwa zana zilizobuniwa kwa akili nyingi kuliko zote katika kazi hii, na si haki kwamba leo inatajwa kama kichekesho.

Mnyororo wenyewe ulisomwa kwa vipande vya shaba vilivyoning'inia kila baada ya viungo kumi. Cha kumi kilikuwa na jino moja, cha ishirini meno mawili, cha thelathini matatu, cha arobaini manne, na cha hamsini, katikati kabisa, kilikuwa duara. Kutoka hapo meno yalirudi nyuma, manne, matatu, mawili, moja, ili mnyororo usomeke kuanzia upande wowote. Ubaya wake unauona mwenyewe: kipande cha 40 na cha 60 vinafanana, na cha 30 na 70 hali kadhalika. Ukikuta kwenye daftari la zamani upande unaopishana na kona yake kwa viungo 20 au 40, anza kushuku hapo.

Sasa dalili. Namba nzima ya tarakimu tatu au nne isiyo na alama yoyote, kwenye mchoro wa zamani wa ardhi, mara nyingi ni viungo: 1264 ni cheni 12 na viungo 64. Namba yenye nukta na tarakimu mbili baada yake huenda ikawa cheni: 3.47 ni cheni 3 na viungo 47, yaani ni kitu kilekile na 347. Vikwaju vidogo juu ya namba, kimoja kwa futi na viwili kwa inchi, havihitaji maelezo. Tatizo ni kwamba wahandisi nao walikuwa na cheni yao ya futi 100, yenye viungo vya futi moja moja, na mtu aliyefanya kazi kwao anaweza kuwa aliandika "cheni" akimaanisha hiyo.

Dalili pekee hazitoshi. Tumia ekari iliyoandikwa kwenye hati yenyewe kama shahidi. Kama shamba ni la mstatili, zidisha pande mbili zinazopakana, kisha gawanya mara mbili tofauti. Kama pande ni viungo, gawanya kwa 100,000, maana ekari ina viungo vya mraba 100,000. Kama ni futi, gawanya kwa 43,560. Kwa hati yetu: 347 mara 285 ni 98,895. Kwa viungo tunapata ekari 0.989. Kwa futi tunapata ekari 2.27. Hati inasema 0.99. Mjadala umekwisha, pande ni viungo: 347 ni mita 69.81 na 285 ni mita 57.33. Jirani hajala kitu.

Namba za kubeba mfukoni

Tangu mwaka 1959 Uingereza, Marekani na nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kwamba yadi moja ni mita 0.9144 kamili. Vipimo vingine vya urefu vya nchi kavu vinatokana na hiyo, ndiyo maana namba hizi za urefu hazina "takriban":

Inchi 1 = sentimita 2.54
Futi 1 (inchi 12) = mita 0.3048
Yadi 1 (futi 3) = mita 0.9144
Kiungo 1 cha cheni (inchi 7.92) = mita 0.201168
Rodi 1 (futi 16.5, viungo 25) = mita 5.0292
Cheni 1 (futi 66) = mita 20.1168
Farlongi 1 (cheni 10) = mita 201.168
Maili 1 (futi 5,280) = mita 1,609.344

Kwa maeneo, hapa nimekata desimali za mwisho: ekari 1 ni mita za mraba 4,046.86, sawa na hekta 0.404686. Hekta 1 ni ekari 2.47105. Desimali 1, ile ya madalali wetu, ni sehemu moja ya mia ya ekari: mita za mraba 40.47, au futi za mraba 435.6, au viungo vya mraba 1,000. Hiyo ya mwisho ikae kichwani. Ukiwa na pande kwa viungo, desimali unazipata kwa kufuta sifuri tatu tu, bila kikokotoo.

Onyo moja hapa, kwa sababu hata watu wenye shahada hujikwaa: mita moja ni futi 3.2808, lakini mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.764. Eneo hubadilishwa kwa namba iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Anayegawanya futi za mraba kwa 3.28 anapata eneo ambalo ni zaidi ya mara tatu ya ukweli.

Mfano mzima: shamba la pande nne zisizolingana

Mashamba ya vijijini hayana umbo la kitabu cha hesabu. Chukua shamba lenye pande za viungo 300, 400, 390 na 410, kwa mfuatano huo. Pande nne peke yake hazikupi eneo. Unaweza kuzisukuma kona zikalala upande, pande zikabaki vilevile na eneo likapungua. Unahitaji mshazari, yaani urefu wa kutoka kona hadi kona inayotazamana nayo. Mpima wa zamani aliujua umuhimu wake na mara nyingi utaukuta kwenye daftari lake. Kama haupo, nenda ukaupime.

Tuseme mshazari ni viungo 500, na unagawanya shamba kuwa pembetatu mbili.

Ya kwanza ina pande 300, 400 na 500. Hii ina kona ya mraba, kwa hiyo nusu ya 300 mara 400: viungo vya mraba 60,000, yaani desimali 60.

Ya pili ina 500, 390 na 410. Jumlisha pande, gawanya kwa mbili: 650. Toa kila upande kutoka 650: unabaki na 150, 260 na 240. Zidisha zote nne pamoja, 650 × 150 × 260 × 240, upate 6,084,000,000. Kipeuo chake cha pili ni 78,000. Desimali 78.

Jumla ni desimali 138, ekari 1.38. Sasa, mwishoni kabisa, ndipo unaingia kwenye vipimo vya leo: 1.38 mara 0.404686 ni hekta 0.5585. Mzingo ni viungo 1,500, yaani cheni 15, yaani mita 301.75. Huo ndio urefu wa waya wa kununua kama unataka kuweka ua.

Angalia kwamba nimefanya hesabu yote kwa viungo na kubadilisha mara moja tu. Ungeweza kubadilisha kila upande kuwa mita kwanza, na wengi hufanya hivyo, lakini kila upande utakaoukata desimali utaongeza kosa lake kidogo, na kosa la upande linaingia kwenye eneo.

Hamsini kwa mia, na desimali za madalali

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Mazungumzo ya kawaida, pembeni mwa Kampala:

"Hajati, kiwanja ni hamsini kwa mia, desimali kumi na mbili, hati ipo mkononi."

"Hamsini kwa mia nimekusikia, mwanangu. Hizo kumi na mbili umezipima wapi?"

Swali la Hajati ni zuri. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Gawanya kwa 435.6: desimali 11.48. Si 12, wala si 12.5 kama wengine wanavyotamka wakiwaza kwamba ekari inatoa viwanja nane. Kwa mita kiwanja hicho ni 15.24 kwa 30.48, mita za mraba 464.5. Tofauti ya desimali nusu hivi, mita za mraba 21, ni chumba kizima na kibaraza. Kama bei imetajwa kwa kiwanja, sawa, unajua unachonunua. Kama imetajwa kwa desimali, umelipia chumba kisichokuwepo.

Robo ekari ina mtego mkubwa zaidi. Robo ya kweli ni desimali 25, futi za mraba 10,890. Wengi wanakupimia mia kwa mia, ambayo ni 10,000, desimali 22.96. Umepungukiwa mita za mraba 83 karibu. Futi 100 kwa 108.9 ndiyo ingekuwa robo.

Tena wapo wanaoshika utepe wa mita na kukata njia kwa 15 kwa 30. Hiyo ni mita za mraba 450, desimali 11.12. Jina ni "hamsini kwa mia" lakini umeshapoteza tena sehemu ya tatu ya desimali moja. Sisemi kila dalali ni mwizi. Wengine wamekariri tu walichokisikia. Lakini utepe uwe wako, na uupime mshazari pia: kwa 50 kwa 100 yenye kona za mraba, mshazari ni futi 111.8, au mita 34.08. Mishazari yote miwili ikilingana na pande zinazotazamana zikiwa sawa, kona zako ni za mraba.

Hati mpya huandika hekta. Kurudi kwenye desimali, zidisha hekta kwa 247.105. Hati yenye hekta 0.0465 ni desimali 11.49: hamsini kwa mia halali. Yenye hekta 0.0510 ni desimali 12.60.

Mailo

Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba: 8,000 zikaenda kwa machifu na wenye ardhi binafsi wapatao 1,000, na 350 zikawa za Kabaka. Maili ya mraba ni ekari 640, hekta 259, kilomita za mraba 2.59. Kwa hiyo zile 8,000 ni karibu kilomita za mraba 20,720.

Kwenye karatasi za urithi chunga maneno "nusu maili". Nusu ya maili ya mraba ni ekari 320. Kipande chenye nusu maili kila upande ni ekari 160. Ndugu wawili wanaweza kusoma sentensi moja ya wosia na kila mmoja akaondoka na hesabu yake, na wote wawili wana hoja.

Futi ipi? Na kodineti je?

Futi ya 0.3048 ni ya 1959. Kabla ya hapo kulikuwa na futi kadhaa zinazotofautiana kwa unywele. Iliyotumika sana katika upimaji wa Waingereza Afrika inaitwa futi ya Clarke, kwa jina la Alexander Ross Clarke aliyelinganisha vipimo vya mataifa miaka ya 1860: mita 0.3047972654. Marekani ilikuwa na futi yake ya upimaji, 1200 kwa 3937 ya mita, iliyostaafishwa rasmi mwishoni mwa 2022. Programu za kompyuta bado zinayo, na ukiibonyeza bila kujua hakuna kitakachokuonya.

Kwa kiwanja, sahau. Kwenye futi 100 tofauti ya futi ya Clarke na ya leo ni robo ya milimita. Lakini kodineti (namba zinazotaja mahali jiwe lilipo) za zamani zilizoandikwa kwa futi zinafika mamia ya maelfu, na kwenye futi milioni moja tofauti inafika mita 2.7. Jiwe la mpaka likihama kiasi hicho, mna kesi.

Jambo kubwa zaidi kuliko aina ya futi ni mfumo ambao kodineti zimeegemea. Kodineti nyingi za Uganda zimeegemea mfumo uitwao Arc 1960, unaotumia umbo la dunia la Clarke la 1880. Simu na GPS hutumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua kodineti za Arc 1960, hata zikiwa tayari kwa mita, ukaziingiza kwenye GPS bila kubadilisha mfumo, utapelekwa karibu mita 300 kaskazini au kusini mwa mahali penyewe. Nimeona watu wakisimama katikati ya shamba la mtu mwingine, simu mkononi, wakitafuta jiwe. Hiyo haitatuliwi kwa kuzidisha. Kwenye kifaa au programu yako nenda kwenye mipangilio, chagua Arc 1960, ndipo uingize namba.

Mteremko na mnyororo uliochoka

Urefu ulioandikwa kwenye hati ni wa mlalo, kana kwamba ardhi ni meza. Ukipima kwa utepe unaofuata mteremko wa Kabale au Bulambuli, utapata urefu mkubwa zaidi wa haki yako. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 100 za utepe uliolala chini ni mita 94 tu za mlalo. Wapimaji wa mnyororo walishuka ngazi kwa ngazi, mnyororo ukinyooshwa usawa na timazi ikidondoshwa mwishoni. Fanya hivyohivyo.

Mnyororo nao ulilika. Pete zaidi ya mia mbili zikisuguana kutwa nzima, mwisho wake unarefuka. Mnyororo uliorefuka kwa nusu kiungo, sentimita 10, uliandika 347 mahali ambapo ukweli ni 348.7: tofauti ya sentimita 35. Kwa hiyo ukikuta mawe ya alama yanapishana na namba za hati kwa kiasi hicho, usikimbilie polisi. Kanuni ya wapima ardhi ni kwamba jiwe la mpaka lililowekwa mwanzoni na halijahamishwa lina uzito kuliko namba iliyoandikwa.

Ziwani

Ramani za kwanza za kina cha ziwa Viktoria, zikiwemo kazi za Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza, ni za miaka ilipokuwa inajengwa reli ya Uganda. Kabla ya kusoma namba yoyote ya majini, tafuta maandishi chini ya kichwa cha ramani yanayosema kina kimeandikwa kwa pima, futi au mita. Pima ni futi 6, mita 1.8288. Namba kubwa yenye namba ndogo ubavuni, kama 3 na 2 ndogo, ni pima 3 na futi 2: futi 20, mita 6.1.

Kosa la upande mmoja linaudhi tu: ramani ya pima ikisomwa kama mita, unadhani maji ni machache kuliko yalivyo na unazunguka bure. Kosa la upande wa pili linapasua chombo. Ramani ya mita inasema 2, wewe unasoma pima 2, unaamini una karibu mita 3.7 chini yako.

Na hata ukibadilisha sawasawa, uliza kina kilihesabiwa kutoka usawa gani wa ziwa. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita mbili. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42 na kuipiku rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Mwamba ulio pima moja chini ya maji kwenye ramani ya zamani huenda leo uko pima mbili. Mwaka mwingine hautakuwa hivyo.

Kwa umbali, maili ya bahari ni mita 1,852 kamili, iliyokubaliwa Monaco mwaka 1929. Waingereza waliendelea na yao ya futi 6,080, mita 1,853.18, hadi 1970. Sehemu yake ya kumi huitwa kebo: mita 185.2. Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, kwa hiyo boti ya noti 6 inakwenda kilomita 11.1 kwa saa. Usiichanganye na maili ya nchi kavu. Kwenye safari ya maili 100 tofauti ni kilomita 24.

Mabaharia hufundishwa kwamba maili ya bahari ni dakika moja ya latitudo, na kwamba umbali unapimwa kwenye ukingo wa kushoto au kulia wa ramani. Ni kweli kwa wastani wa dunia. Uganda imekatwa na ikweta, na dunia imebonyea kwenye ncha zake, kwa hiyo hapa dakika ya latitudo ni mita 1,843 tu, wakati dakika ya longitudo kwenye ikweta ni mita 1,855. Hakuna hata moja iliyo 1,852. Mvuvi wa Kalangala hatasikia tofauti ya mita tisa kwa maili. Lakini ukigeuza tofauti ya latitudo kuwa mita kwa kuzidisha 1,852, kwa nyuzi moja nzima utakuwa umezidisha karibu mita 550.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliotangulia Waingereza walipima kwa isba, upana wa kidole kilichonyooshwa kuelekea nyota, na zam, mwendo wa zamu ya saa tatu. Zam nane zilifanya isba moja. Isba hukadiriwa kuwa kati ya nyuzi 1 na dakika 36 na nyuzi 1 na dakika 43, kwa hiyo zam ni maili za bahari 12 hivi. Usijaribu kuipa desimali.

Mikono, pima na hatua za wazee

Kwenye kikao cha mpaka mzee atasema "kutoka empaanyi hizi hadi mvule ni hatua sitini", empaanyi ikiwa mimea ya kuonyesha mpaka. Vipimo vya mwili vina mpangilio wake: shibiri 2 ni mkono, mikono 2 ni wari, wari 2 ni pima, pima 2 ni doti, na mkono ukichukuliwa kuwa inchi 18 unapata sentimita 45.72. Jedwali hilo linafaa kwa kitambaa sokoni. Kwa ardhi ni bora zaidi kumpima mzee mwenyewe: laza utepe chini, mwombe, "Mzee, tutembelee hatua kumi kama ulivyokuwa unatembea", gawanya kwa kumi, ndipo uzidishe kwa sitini. Andika pia kwamba hatua ni zake. Kama aliyepima alikuwa baba yake, una makadirio tu, na yaandikwe hivyo.

Kuandika na kukata desimali

Kilele cha Margherita, kwenye milima ya Rwenzori, kimeandikwa futi 16,763 kwenye ramani za zamani. Hiyo ni mita 5,109.36, tukaikata ikawa 5,109. Mtu akaichukua 5,109 akairudisha kwenye futi, akapata 16,762. Mlima umepoteza futi moja bila tetemeko. Ndiyo sababu namba ya asili haifutwi kamwe.

Kwenye lahajedwali ya simu au kompyuta weka safu nne: namba kama ilivyoandikwa kwenye hati, jina la kipimo, kizidishi (kwa viungo 0.201168), na jibu. Jibu lisikatwe mpaka mwisho, na likikatwa lisidai usahihi kuliko asili. Kiungo kimoja ni sentimita 20. Upande uliopimwa kwa viungo vizima hauwezi kuzaa milimita. Kwa hati yetu, mita 69.8 inatosha, na 69.8053 ni kujidanganya. Tumia nukta kwa desimali na koma kwa maelfu kote, maana lahajedwali iliyowekwa kwa mtindo wa Kifaransa inasoma kinyume, jambo la kuangalia kama unafanya kazi na majirani wa Kongo au Rwanda.

GPS ya simu isikuhakikishie upande wa kiwanja. Inakosea kwa mita kadhaa hata mchana kweupe, na upande wako ni mita 15. Inafaa kukwambia uko shamba sahihi, basi.

Ukimaliza, chukua hati, jedwali lako na picha za mawe uliyoyapata, uende kwenye ofisi ya ardhi ya kanda yako. Kumbukumbu kuu za upimaji ziko Entebbe, kwenye idara ya upimaji na ramani. Omba mchoro wa upimaji wa kiwanja chenyewe, kwa namba ya bloku na ya kiwanja, na ulinganishe pande zake na zako kwa viungo kabla ya kulinganisha kwa mita. Uliza pia kama kiwanja kimewahi kugawanywa baada ya hati uliyoishika kutolewa. Kama kimegawanywa, namba zote ulizobadilisha ni za kiwanja mama, na pande zako ziko kwenye mchoro mwingine.